Mguu Namba Kumi na Saba

Nyumbani, 4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa roho. Nakuandikia barua kwa sababu nikipiga simu humu ndani baba yako anasikia, na habari yenyewe inamhusu. Kaa chini kwanza.

Kaka ameanza kujipenda.

Tangu mama yako atutangulie ni miaka sita, na kwa miaka yote hiyo kaka amekuwa na mashati mawili, la kazini na la misibani. Mwezi wa kwanza akanunua la tatu, la bluu. Kila Jumanne na Alhamisi saa nane mchana anaomba ruhusa karakana, anasugua gundi mpaka kwenye kucha, anajipaka mafuta mazuri, anavaa hilo la bluu na kuondoka na mkoba alioutia kufuli. Akirudi, uso umenawiri kama bwana harusi. Juzi nimemsikia bafuni anasema peke yake, mashairi, mwanangu, tena ya mapenzi. Mwanamume wa miaka hamsini na saba, mtengeneza miguu ya bandia wa hospitali. Nilipomuuliza akasema anafanya mazoezi ya sauti.

Alhamisi nikamfuata kwa mbali. Akaingia geti la kijani nyuma ya posta. Binti mmoja mzuri wa rika lako, mwenye miwani, akamfungulia. Kaka akavua kofia. Mimi dada yake wa tumbo moja hajawahi kunivulia kofia.

Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Muulize wewe, kwako hana ubavu wa kudanganya. Ila usinitaje.

Shangazi yako


Dirisha la dawa, 11 Machi

Baba, shikamoo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simuni tunakatizana, lakini kwenye barua kila mtu analazimika kungoja zamu yake. Nimedokezwa jambo na mtu aliyeniomba nisimtaje. Unamjua, kwa hiyo tuendelee.

Kama umepata mwenzio, sina kinyongo. Miaka sita ni mingi, na nyumba isiyo na mtu wa kukuambia shati limechakaa si nyumba. Mama mwenyewe angesema hivyo hivyo. Nina swali moja tu kuhusu umri. Nikikutana na mtu wa rika langu, nimwite mama mdogo? Nitaweza, lakini nipe muda wa kujizoeza.

Kazini tunaendelea. Watu mia mbili kwa siku dirishani, kimoja mara tatu, viwili mara mbili, anayefuata. Sauti inakauka ikifika saa sita.

Sema ukweli, baba. Mficha uchi hazai.

Binti yako


Karakana, 20 Machi

Marahaba, mwanangu.

Mwambie huyo asiyetaka kutajwa kwamba siku nyingine akimfuata mtu asivae mtandio wa njano. Nilimwona tangu kona ya posta.

Jambo lipo, na si baya. Lakini kati ya watu wote duniani, wewe ndiye ninayeona haya zaidi kumwambia. Nivumilie kidogo. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu Januari naamka nikiwa na hamu ya siku, kitu nilichokuwa nimekisahau. Huyo binti wa miwani ananiuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza, na nikishindwa kujibu hanicheki.

Huku karakana hatujambo. Yule fundi wa vigae niliyekusimulia, aliyekatwa mguu chini ya goti, ameukataa mguu niliomtengenezea kwa mara ya tatu. Miguu mitatu, mwanangu, kila mmoja bora kuliko uliotangulia, na yote ameilaza chini ya kitanda. Kwenye faili lake nimeandika "mkaidi". Nitamtengenezea wa nne hata hivyo.

Baba yako


Nyumbani, 28 Machi

Mwanangu,

Ile barua yangu ya kwanza ichome moto.

Jumanne nilivaa nikapendeza, nikaenda mwenyewe mpaka geti la kijani. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kumweleza yule binti kwamba kaka yangu anakoroma na ana magoti mabovu. Nikafungua mlango bila kubisha hodi.

Ndani ni madawati. Watu kumi na wanne, wote watu wazima. Kuna dereva wa gari la wagonjwa, kuna mama muuza vitambaa, kuna polisi mstaafu, na mstari wa mbele kaka yangu, magoti yamegota kwenye dawati, penseli sikioni kama yuko kazini. Binti wa miwani yuko ubaoni na chaki. Wote wakanigeukia. Binti akasema, "Karibu, mama. Umekuja kujiandikisha?"

Ningesema nini? Nikasema ndiyo.

Nimekaa saa mbili nzima. Walikuwa wanasoma shairi la mume anayemsihi mke wake arudi nyumbani, kumbe ndilo lile la bafuni, alikuwa akilikariri. Mke ndani ya shairi hajibu neno. Mwalimu akauliza, je, mke huyu angejibu nini? Wanaume wote wanatazama viatu. Mwanangu, nilinyoosha mkono, nikajibu kwa niaba ya yule mwanamke na ya wengine kadhaa ninaowafahamu. Polisi alipiga makofi.

Ni chuo cha watu wazima. Kozi ni ya mwaka mmoja, historia, fasihi na falsafa. Baada ya kipindi nilimuuliza mwalimu cheti chake kinampa mtu kazi gani. Akasema wengi wao kazi wanazo tayari, wanakuja kujifunza kuzitazama upya. Nikaona hilo ni jibu la mjanja, lakini Alhamisi nilirudi.

Kaka ameniomba nisikuambie, na nikamwahidi. Sasa umejua.

Shangazi yako


Dirisha la dawa, 5 Aprili

Baba, shikamoo.

Shangazi ameniambia. Nilicheka mpaka wenzangu wa dirisha la pili wakataka kusimuliwa, nikawasimulia, wakacheka nao. Kisha nikaingia stoo ya dawa, nikafunga mlango, nikalia. Nilipotoka nilikuwa nimekasirika, na hasira hiyo ninayo hadi leo.

Miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuletea fomu ya chuo karakana. Nilikuwa nimejaza Historia kwa kalamu, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Ulisema historia ni ya watoto ambao baba zao wana mashamba. Hukunigombeza. Ulichukua penseli yako ya kupimia, ukalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, kama unavyochora mahali pa kupitisha msumeno, ukaandika juu yake Famasia.

Nimekuwa mfamasia mzuri. Kazi yangu siichukii, kwa hiyo usijitetee kwa kuniambia nina kazi nzuri. Nataka unieleze kitu kimoja tu. Kilichokuwa upuuzi kwangu nikiwa na miaka kumi na tisa, kimekuwaje kitamu kwako ukiwa na hamsini na saba?

Binti yako


Karakana, 19 Aprili

Mwanangu,

Swali lako ni la haki. Nitalijibu kwa njia ndefu kwa sababu fupi sina.

Sikwenda chuo kwa ajili ya busara. Nafasi ya msimamizi wa karakana imenipita mara mbili, na mara zote mbili niliambiwa mikono yangu ni ya dhahabu lakini ripoti zangu hazisomeki. Januari nikaona tangazo kwenye ubao wa hospitali. Nikadhani nitafundishwa kuandika sentensi zilizonyooka, basi, nirudi kazini.

Wiki mbili zilizopita mwalimu akatupa ripoti ya zamani ya ujenzi wa daraja. Kurasa kumi na moja za vipimo, urefu, upana, uzito wa mawe. Mimi nikaipenda sana, nikamwambia hii ni kazi safi. Akaniuliza, "Humu ndani nani anaongea, na nani hakuulizwa?" Nikasoma tena. Hakuulizwa mtu hata mmoja wa kuvuka lile daraja. Nikaona ni swali la darasani tu, nikacheka na wenzangu, nikarudi karakana. Nikafungua faili la fundi wa vigae ili nianze mguu wa nne, nikaitazama fomu yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyeiandaa. Ina vipimo ishirini na viwili. Mzunguko wa kigutu mahali patatu, urefu wa paja, pembe ya goti. Hakuna mstari unaouliza mtu huyu anafanya nini kutwa.

Jumatatu nikaomba ruhusa, nikamfuata kazini kwake. Walikuwa wanaweka sakafu kwenye korido ya shule mpya. Nikageuza ndoo, nikaikalia mchana kutwa. Mwanangu, yule mtu anapiga magoti saa saba kwa siku. Miguu yangu ameiacha nyumbani, amefunga kipande cha mpira wa gari kwenye kigutu na anatambaa nacho. Nikamtuma kibarua akaulete ule wa tatu, nikamwomba auvae nione. Ule ukingo wa mbele wa kikombe, pale kigutu kinapoingia, mimi nilikuwa naupandisha juu kila aliporudi, nikidhani mguu unalegea. Akipiga magoti, ukingo ndio unaomkata. Nimemtengenezea kisu mara tatu, na kila mara nimekinoa zaidi.

Nikamwambia, mbona hukusema? Akasema, "Fundi, wewe ulikuwa unapima. Mtu akipima humkatizi."

Nimeushusha ukingo, nimeutandika ngozi laini, na vidole nimevifanya vikunjike. Jana amemaliza vigae vya darasa zima akiwa ameuvaa. Neno "mkaidi" nimelifuta kwenye faili lake na kuliandika kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, chini ya jina langu. Nikaandika ripoti ya kurasa nne. Daktari mkuu ameisoma mpaka mwisho, halafu akaniita nimweleze, na sasa anataka fomu mpya kwa karakana nzima. Mstari wa kwanza kabisa unasema: Siku yako inakwendaje, tangu unapoamka?

Kwa hiyo umeona faida yake, kazini na maishani. Shangazi yako ndiye anayeongoza katika fasihi. Amemnyamazisha polisi mara mbili. Mimi na wewe tusiwekeane kinyongo. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Baba yako


Dirisha la dawa, 30 Mei

Baba, shikamoo.

Nimechelewa kujibu makusudi.

Barua yako niliisoma mara nne, na mara zote nilipofika kwa fundi wa vigae nilifurahi. Nakuambia ukweli, nilijivuna. Siku ya pili yake bibi mmoja alikuja dirishani, mgonjwa wangu wa presha. Ni mwaka mzima dawa hazimsaidii, na daktari kila mara anaongeza nguvu ya dozi. Mimi humwambia kimoja mara tatu, baada ya chakula, anayefuata. Siku hiyo nikamwambia watu wa nyuma wasubiri, nikamuuliza, bibi, siku yako inakwendaje? Akanieleza. Bibi anakula mara moja kwa siku, jioni, wajukuu wakitoka shule. Kwa hiyo dawa anakunywa mara moja. Maagizo yangu ameyafuata neno kwa neno. Nikampeleka mwenyewe kwa daktari, akabadilishiwa dawa, sasa anapewa ya kumeza mara moja tu. Wiki jana presha ilikuwa imeshuka, akaniletea ndizi.

Kwa hiyo sibishi kuhusu faida. Faida nimeiona kwa macho yangu, na nilijua ipo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Lakini baba, barua yako ina kurasa sita na nimeitafuta samahani ndani yake kama ninavyotafuta tarehe ya mwisho kwenye chupa. Haimo. Badala yake umenimalizia kwa methali. Mtu anayesoma historia hawezi kuniandikia kwamba yaliyopita si ndwele. Kama si ndwele, unakwenda kufanya nini kila Jumanne na shati la bluu?

Umekaa na fundi wa vigae mchana kutwa juu ya ndoo. Mimi ni mtoto wako wa pekee, na mpaka leo hujaniuliza.

Binti yako


Nyumbani, 8 Juni

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara tano, na hizo nne za kwanza zilikuwa ndefu.

Nilikukosea. Nisamehe.

Niliogopa. Mimi nilitoka shule mapema nikashika patasi, na nilichojua ni kwamba mwenye ufundi hakosi mlango wa kugonga. Nikakuona na ile fomu, nikaogopa kwamba nitakufa nikuache na kitu kisichoshikika mkononi. Hofu ilikuwa ya kweli, lakini fomu ilikuwa yako, na penseli haikupaswa kuigusa. Hata jioni ile nilijua. Uliosha vyombo bila kuimba, na ulikuwa na kawaida ya kuimba. Nilisikia ule ukimya nikaona afadhali nisiutaje.

Nilipoanza chuo nilikaa siku ya kwanza nikafikiri, hapa pangekuwa pa binti yangu. Ndiyo maana nilitia mkoba kufuli. Sikuwa namwogopa shangazi yako.

Sasa nauliza, ingawa nimechelewa miaka kumi na mmoja. Ulitaka historia kwa nini? Sina penseli mkononi. Nimekaa.

Baba yako


Dirisha la dawa, 21 Juni

Baba, shikamoo.

Nimekusamehe. Nilikusamehe kabla sijafika chini ya ukurasa, ila nimekaa siku kadhaa nikiifaidi.

Nilikuwa na miaka tisa. Nikitoka shule nilikuwa nakusubiri karakana, chumba cha nyuma, penye rafu ya miguu ya zamani, ya mbao, ile iliyorudishwa wenyewe walipofariki. Kila mmoja una kibati chenye namba. Nilikuwa naihesabu. Namba kumi na saba nilikuwa naupenda kuliko yote kwa sababu ni mwembamba na umepakwa rangi nyekundu, rangi imebaki kidogo kwenye kifundo. Nikakuuliza ulikuwa wa nani. Ukasema, "Wa mgonjwa." Nikakuuliza mgonjwa gani. Ukasema, "Wa zamani," ukaendelea kupiga msasa.

Basi, ni hivyo tu. Nilitaka kujua namba kumi na saba alikuwa nani, na kwa nini mtu apake mguu wa mbao rangi nyekundu. Nilikuwa nimesikia kuna watu wanaosomea namna ya kujua mambo kama hayo, na nikataka kuwa mmoja wao. Ningekuambia siku ile ya fomu, lakini niliona haya, nilidhani utasema ni utoto.

Nimejiandikisha. Historia, chuo kikuu cha huku, madarasa ya Ijumaa na Jumamosi, miaka minne. Dirisha la dawa naendelea nalo siku nne. Mkuu wangu aliniuliza historia itaisaidia nini famasia, nikamsimulia bibi wa presha, akaniwekea saini bila kuuliza tena.

Safari hii sikuombi ruhusa, baba. Nakupa habari.

Binti yako


Karakana, 2 Julai

Mwanangu,

Habari nimeipokea. Nimeisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima, na mimi, mtu mzima, nikalia mbele ya vijana wangu. Mmoja akaniletea kiti. Ndiyo, vijana ni wangu sasa, nimepewa usimamizi tangu Jumatatu, lakini hilo lisubiri.

Nimeingia chumba cha nyuma. Namba kumi na saba bado upo. Nimeushusha, nimeupangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, rangi sijaigusa. Kisha nikaitafuta rejista ya wakati ule, umri wake unanizidi. Mstari wa kumi na saba unasema: mwanamke, miaka thelathini na mmoja, mguu wa kushoto, chini ya goti. Vipimo vyote vipo, vimeandikwa vizuri sana. Jina limeliwa na mchwa, imebaki herufi ya mwisho. Kazi yake hakuna aliyeiandika.

Nikaugeuza nione kanyagio, upande unaogusa chini, maana hapo huwa sidanganywi. Nipe mguu wowote uliotumika nitakuambia mwenyewe alikuwa anabeba mzigo upande gani, alikuwa anapanda ngazi, alikuwa ana haraka. Huu kisigino chake ni kipya, kana kwamba hakikuwahi kugusa ardhi. Kilicholika ni vidole, upande wa ndani, vimelika mpaka mti umeng'aa. Nimewaita vijana wote wakautazama. Shangazi yako amekuja, ana majibu kumi na hakuna linaloingia akilini. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na miwili na sijui ni maisha gani yanayochakaza mguu namna hii.

Nimeufunga kwa karatasi na kuuweka juu ya meza yangu. Njoo. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nahitaji mwanahistoria, na ninayemjua ni mmoja tu.

Baba yako